Nani Atachukua Kiti cha Mwisho?

Jumamosi ya tarehe 30 Novemba 2024, siku moja baada ya Waireland kupiga kura, karatasi za jimbo la Dublin Central zilimwagwa mezani katika ukumbi wa RDS jijini Dublin. Jimbo hilo lina viti vinne. Machaguo ya kwanza yalipokwisha kuhesabiwa, Gerry Hutch, mgombea binafsi ambaye mahakama ilimwachia huru katika kesi ya mauaji mwaka 2023, alikuwa wa nne kwa kura 3,098. Viti vinne, naye wa nne. Mgeni angedhani mambo yamekwisha. Kesho yake kiti cha nne kikaenda kwa Marie Sherlock wa chama cha Labour, aliyeanza akiwa nyuma ya Hutch kwa mamia ya kura.

Mizengwe haikuwepo. Wagombea wa chini walipokuwa wakiondolewa mmoja mmoja, karatasi zao ziligawiwa upya kwa kufuata chaguo lililofuata, na Sherlock ndiye aliyeandikwa namba mbili, tatu au nne na watu wengi ambao wagombea wao wa kwanza walikuwa wengine. Hutch alikuwa na wafuasi wake wa dhati. Nje ya hao, waliomtaka hata kwa namba ya mbali walikuwa wachache.

Aliyezoea jimbo moja kuwa na mbunge mmoja itabidi aanze upya. Tangu mwaka 1922 Ireland huchagua wabunge wake katika majimbo yenye viti kadhaa, na leo kila jimbo lina viti vitatu, vinne au vitano. Mpiga kura hupewa penseli na karatasi moja yenye majina yote, kisha huandika 1 kwa anayempenda kuliko wote, 2 kwa anayemfuatia, na kuendelea hadi atakapochoka. Ili kupata kizingiti cha ushindi, kura halali hugawanywa kwa idadi ya viti ukiongeza kimoja, halafu huongezwa kura moja. Jimbo la viti vitano lenye kura halali 60,000 lina kizingiti cha kura 10,001. Anayekipita, kura zake za ziada huhamishiwa kwa wengine. Anayeshika mkia huondolewa na kura zake zote huhamishwa. Huenda hivyo, duru baada ya duru, hadi viti vijae.

Basi kazi ya mtabiri si kujua nani anapendwa sana. Hilo hujulikana mapema, na wanaoongoza duru ya kwanza wengi wao huishia bungeni. Ugumu uko kwenye kiti cha mwisho. Hapo anatakiwa kujua nani ataondolewa kabla ya nani, na kila karatasi iliyoachwa bila mwenyewe itakwenda wapi. Mpangilio huo ukibadilika kwa kura chache katika duru ya saba, mshindi wa duru ya kumi na mbili naye hubadilika.

Tafiti za maoni za kitaifa hazisaidii sana hapa. Utafiti wa watu 1,000 ukiugawa katika majimbo 43 ya sasa, kila jimbo linapata watu 23 tu. Hata utafiti mkubwa uliowahoji watu wakitoka vituoni mwaka 2024, kwa upande wa vyama, uliipa Sinn Féin asilimia 21.1, Fine Gael 21.0 na Fianna Fáil 19.5. Hesabu halisi ilileta Fianna Fáil 21.9, Fine Gael 20.8 na Sinn Féin 19.0. Na viti havikufuata asilimia: Sinn Féin ilipata 39, Fine Gael iliyoizidi kwa kura ikapata 38.

Wanaoaminika zaidi ni makada wa vyama wanaosimama kwenye uzio wa ukumbi wa kuhesabia. Saa tatu asubuhi masanduku yanapofunguliwa, maofisa huzikunjua karatasi na kuzilaza uso juu kabla ya kuzichambua. Kada aliye upande wa pili wa uzio ana ubao wa kuandikia na orodha ya majina. Kila karatasi inapogeuzwa, macho yake huitafuta ile tarakimu 1, mkono ukaweka alama. Wapinzani wa kampeni hugawana masanduku, kisha hukusanya alama zao pamoja. Kufikia adhuhuri wanajua takriban kila mgombea amepata nini, tena kituo kwa kituo, saa nyingi kabla ya msimamizi wa uchaguzi kutangaza chochote.

Hicho kituo kwa kituo ndicho chenye thamani. Ireland ni nchi ambayo mpiga kura humpendelea mtu wa kwao, na mgombea wa mji fulani akiondolewa, kura zake nyingi humfuata jirani yake, hata wa chama kingine. Kada mzee anayejua kijiji kipi kinapakana na kipi, na familia ipi iligombana na chama miaka iliyopita, ana elimu ambayo hakuna dodoso litakaloipata. Mwandishi wa makala haya anaona elimu hiyo inastahili heshima kuliko inayopewa.

Vyama navyo hujaribu kuyaongoza mambo. Vipeperushi huwaomba wakazi wa upande mmoja wa jimbo wampe fulani namba 1, na wa upande wa pili wampe mwenzake, ili wagombea wa chama wapande pamoja bila mmoja kumla mwingine. Kule Mayo, mwaka 2011, Fine Gael ilichukua viti vinne kati ya vitano. Mwaka 2020 Sinn Féin ilipatwa na kinyume chake: ilisimamisha wagombea 42 tu, 37 wakashinda. Katika jimbo la Dublin Bay North, Denise Mitchell alipata kura 21,344, zinazokaribia vizingiti viwili, bila mwenzake wa chama wa kupokea ziada hiyo. Ikawanufaisha wagombea wa vyama vingine.

Halafu kuna jambo ambalo hata kada hodari haliwezi. Katika uchaguzi wa Dáil, baraza la chini la bunge, ziada huhamishwa kwa karatasi zenyewe. Zinazochaguliwa kuhama huchukuliwa juu ya kila fungu, na machaguo ya tatu na ya nne yaliyomo humo huenda yasifanane na ya karatasi zilizobaki. Pale tofauti ni ndogo, bahati nayo ina sauti. Mwaka 1992 huko Dublin South-Central, Ben Briscoe wa Fianna Fáil na Eric Byrne wa Democratic Left walisubiri siku kumi za kuhesabu na kurudia, na Briscoe akapita kwa kura tano. Mwaka 2002 Mildred Fox alimshinda Nicky Kelly kwa kura 19 katika jimbo la Wicklow. Kathy Sinnott akashindwa kwa kura sita huko Cork. Na huko Limerick West, Dan Neville alimpita Michael Finucane, wa chama kilekile cha Fine Gael, kwa kura moja.

Mwaka huohuo wa 2002 serikali ilijaribu mashine za kupigia kura katika majimbo matatu. Usiku wa matokeo, waziri wa zamani Nora Owen alijua kwamba amepoteza kiti chake pale matokeo yalipotangazwa ghafla jukwaani, bila duru za kumwandaa. Watu wengi walimhurumia, lakini pingamizi zito zaidi lilikuwa kwamba hakuna aliyeweza kuona wala kuhakiki kilichofanyika ndani ya mashine. Zikiwa zimegharimu zaidi ya euro milioni 50, ziliachwa mwaka 2009 na kuuzwa kama vyuma chakavu mwaka 2012.

Ulikuwa uamuzi sahihi. Kura za karatasi huchelewesha matokeo kwa siku kadhaa, ila mgombea aliyeshindwa kwa kura tano anaweza kusimama kwenye uzio na kuziona zote tano.