Vocha ya Intaneti: Tujue Tunachonunua

Makumira, kando ya barabara kuu ya Arusha–Moshi, kuna chuo kikuu na vijana wengi. Maombi ya vyuo na ya mikopo ya elimu ya juu siku hizi hufanyika mtandaoni. Kijana aliyeishiwa bando hutafuta duka au mgahawa unaouza vocha ya waifai.

Vocha hizo hazilingani. Ya muda huendelea kuhesabu hata mtandao ukizorota. Ya data huliwa upesi na video na programu zinazojisasisha zenyewe. Fomu haijakamilika, na fedha ya mzazi imekwisha.

Dini yetu imekataza gharar, yaani kuuziana kitu kisichobainika, na Suratul Mutaffifin inawaonya wanaopunja vipimo. Basi muuzaji abainishe kabla ya kupokea fedha, nasi tuulize: ni muda gani, data kiasi gani, simu ngapi? Tuwausie watoto wetu waandae vyeti na picha kabla ya kununua vocha. Na nenosiri la jirani lisitumike bila idhini yake, kwani bando analolipia ni mali yake. Halali huanza na uwazi.