Skana ya Gari Nyumbani: Kusoma Taa Kabla ya Kununua Spea

Skana ya gari ya nyumbani ni kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la pini 16 lililo chini ya dashibodi, upande wa dereva, ili kusoma hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta ya injini. Mfumo wa tundu hilo ulifanywa wa lazima Marekani kuanzia magari ya toleo la 1996, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001. Magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani yana tundu hilo, ingawa baadhi ya yale ya zamani hayaelewani na skana ya kawaida hata plagi ikiingia vizuri.

Kabla ya kuchomeka chochote, rangi ya taa hutazamwa kwanza. Taa nyekundu ya oili au ya joto haingoji skana: gari husimamishwa mahali salama, injini huzimwa, na rejeta haifunguliwi ingali ya moto. Taa ya njano ya injini ikiwaka bila kupepesa, gari kwa kawaida linaweza kufika nyumbani taratibu. Ikipepesa, injini inamisi kiasi kwamba petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na inaweza kuiharibu kataliti, ambayo ni spea ya bei kubwa. Hapo dereva hupunguza mafuta mara moja.

Msimbo unaosomwa huwa na herufi moja na tarakimu nne. P ni injini na gia, B ni bodi, C ni chesisi pamoja na breki, na U ni mawasiliano kati ya kompyuta za gari. Msimbo huandikwa pembeni kabla ya kufutwa, pamoja na kumbukumbu ya hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea: mwendo, joto na mizunguko kwa dakika.

Kosa linalowagharimu wenye magari ni kuuchukua msimbo kama orodha ya spea za kununua. P0301 inasema silinda namba 1 inamisi. Haisemi kama ni plagi, koili, nozeli au mgandamizo. Kwenye injini yenye koili moja kwa kila silinda, jaribio lake halina gharama. Injini huzimwa, koili ya silinda namba 1 hubadilishana nafasi na ya namba 2, msimbo hufutwa, kisha gari huendeshwa. Ikitokea P0302, koili ndiyo mbovu. Ikirudi P0301, koili imepona lawama na plagi ndiyo inayofuata.

P0171 huhitaji subira zaidi. Maana yake ni kwamba hewa imezidi petroli, na wengi hukimbilia kubadilisha sensa ya oksijeni, ilhali mara nyingi sensa hiyo inaripoti ukweli. Dawa ni kutazama asilimia ya marekebisho ya mafuta injini ikiwa inanguruma. Asilimia 10 juu au chini ya sifuri kwa kawaida haitishi. Ikiwa iko juu sana gari likiwa limesimama, kisha ikashuka injini inapopandishwa hadi mizunguko 2,500, hewa huenda inavuja kupitia mpira uliopasuka baada ya eya klina, au gasketi ya manifodi. Ikipanda kadiri injini inavyobebeshwa mzigo, wa kushukiwa ni pampu ya petroli, kichujio chake, au sensa ya hewa iliyochafuka.

Kufuta msimbo huzima taa tu, na hufuta pia majaribio ambayo kompyuta ilikwisha kujifanyia. Itahitaji safari kadhaa kuyarudia. Msimbo ukijitokeza tena kama wa kusubiri kabla taa haijawaka, tatizo bado lipo.

Skana nyingi za bei nafuu huishia kwenye injini. Taa ya ABS au ya mifuko ya hewa huhitaji mashine inayosoma mifumo hiyo, na mifuko ya hewa, kwa kuwa hulipuka, huachiwa fundi aliyesomea kazi hiyo.