Jina Lililo Juu ya Santuri

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za santuri za kale zitolewazo upya, na jinsi mtu awezavyo kujua kama ile aliyoipata ndiyo aliyoitafuta.

Santuri si kitu kigeni kwetu. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari kwenda Bombay, akatia sauti yake katika santuri zilizouzwa kwa alama ya His Master's Voice. Kampuni iliyokuwa na alama hiyo iliungana na nyingine mwaka 1931, ikawa EMI. Nayo EMI ndiyo iliyopatwa na mkasa tutakaousimulia, ingawa muziki wenyewe ni wa Ulaya.

Kwanza tueleze koncheto ni nini. Ni utungo ambao ndani yake mpigaji mmoja, mathalani wa piano, hupiga pamoja na kundi kubwa la wapigaji liitwalo okestra. Mara yeye huuliza nao hujibu, mara wao huanza naye hupokea, kama mwimbaji na waitikiaji wake. Utungo huo huchukua nusu saa au zaidi, na hapo ndipo palipokuwa na taabu zamani za santuri nzito zilizozunguka mara 78 kwa dakika. Upande mmoja wa santuri kubwa ulichukua dakika nne na kitu tu. Kwa hiyo koncheto moja ilikatwa vipande saba, vinane au zaidi, na msikilizaji alilazimika kuinuka kila mara kugeuza. Mwaka 1948 zikaja santuri za mwendo mrefu, na mwaka 1982 zikaja sahani ndogo za CD. Kila namna mpya ilipotokea, kampuni zilirudi ghalani, zikazitoa sauti za zamani, zikazisafisha mikwaruzo, zikaziunga na kuziuza upya. Hiyo ni heri kubwa, maana kazi ya mikono ya mtu aliyekufa yasikiwa hata na wajukuu. Lakini kila sauti inapohamishwa, jina lake nalo lahitaji kuhamishwa pamoja nayo. Na jina huandikwa na mwanadamu, na mwanadamu hukosea.

Palikuwa na mpiga piano mmoja wa Rumania, jina lake Dinu Lipatti, aliyezaliwa Bucharest mwaka 1917. Alikuwa mtu wa uangalifu mwingi, asiyependa kuutoa utungo mbele ya watu mpaka auone umeiva. Akashikwa na ugonjwa wa Hodgkin, ulio saratani ya tezi, akafa Geneva tarehe 2 Desemba 1950, umri wake miaka 33. Koncheto alizozitia katika santuri studioni London ni mbili tu: ya Grieg mwaka 1947, na ya Schumann mwaka 1948. Basi waliompenda wakabaki na kiu, wakatafuta huku na huku kanda za redio na za watu binafsi, wapate japo kidogo kilichosalia.

Katika miaka ya 1960 kiu hiyo ilionekana kukatwa. EMI ilitoa santuri ya koncheto ya kwanza ya Chopin, na juu yake jina la Lipatti. Jina la okestra halikuandikwa, wala la kiongozi wake, kwa kuwa hayakujulikana. Watu wakaipokea kwa furaha na kuisifu, wakadhani wamemsikia tena marehemu wao. Ikakaa hivyo miaka mingi.

Hata mwaka 1981 redio ya Uingereza, BBC, ikaipiga santuri hiyo hewani. Msikilizaji mmoja akaandika barua, akasema kwamba upigaji ule wafanana mno na ule wa santuri ya Supraphon, kampuni ya Czechoslovakia, iliyofanywa katika miaka ya 1950. Mpigaji wa santuri hiyo ni bibi wa Poland, Halina Czerny-Stefańska, pamoja na okestra ya Czech Philharmonic, na kiongozi wao Václav Smetáček. Zikapimwa zote mbili, ikaonekana kuwa ni kitu kimoja. Lipatti waliyemsifu hakuwa Lipatti.

Huenda msomaji akauliza, "Je, wapigaji wawili hawawezi kufanana?" Sisi tulio walimu twajua la kumjibu. Wanafunzi wawili wakipata jibu lililo sahihi, hatusemi neno. Lakini wote wawili wakikosa neno lile lile katika mstari ule ule, twajua kwamba mmoja ameazima daftari la mwenziwe. Ndivyo ilivyo katika muziki. Hata mpigaji yule yule akiupiga utungo mmoja leo na kesho, hawezi kukawia mahali pale pale kwa kadiri ile ile, nukta kwa nukta, kwa muda wote huo. Santuri mbili zikienda sawasawa tangu mwanzo hata mwisho, mkono ni mmoja.

Tufikiri basi ni nani aliyepotewa. Lipatti alipewa sifa ya kazi isiyo yake, wala hakuwa na haja ya sifa ya kuazima. Bibi Czerny-Stefańska alikuwa hai, tena si mtu mdogo, kwani alikuwa mmoja wa wawili walioshiriki nafasi ya kwanza katika mashindano ya Chopin huko Warsaw mwaka 1949. Kazi ya mikono yake ilisifiwa miaka nenda miaka rudi, na sifa zikapelekwa kwa mwingine. Wasikilizaji nao walipata somo lenye uchungu kidogo, kwamba walikuwa wamelisikia jina kabla ya kuisikia sauti.

Baadaye ilipatikana kanda ya kweli, Lipatti akiipiga koncheto ile ile Zürich, tarehe 7 Februari 1950, pamoja na okestra ya Tonhalle, kiongozi wake Otto Ackermann. Sauti yake si safi kama ya studio, lakini ni yake.

Hilo lilikuwa kosa. La mwaka 2007 lilikuwa hila. Jina la Joyce Hatto, mpiga piano wa Uingereza aliyefariki mwaka 2006, lilikuwa limewekwa juu ya CD zaidi ya mia zilizotolewa na mumewe. Msikilizaji mmoja akaitia moja katika kompyuta, nayo kompyuta ikamtajia mpigaji mwingine. Wataalamu walipochungua waliona kwamba nyingi zilitwaliwa katika kazi za wengine: koncheto ya pili ya Brahms ilikuwa ya Vladimir Ashkenazy, na ya tatu ya Rachmaninoff ilikuwa ya Yefim Bronfman. Kiongozi wa okestra alitajwa kuwa René Köhler, wala hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba mtu huyo aliishi. Mwishowe mume alikiri.

Basi mtu atafutaye santuri ya kale iliyotolewa upya na ashike mambo manne. La kwanza, asitosheke na jina la mpigaji. Aulize okestra, kiongozi, mji na tarehe. Hayo yakikosekana, asimame kwanza. La pili, ajue mpigaji huyo aliutia utungo huo mara ngapi. Rachmaninoff alitia sehemu za koncheto yake ya pili mwaka 1924, akaitia yote mwaka 1929. Okestra ni ile ile ya Philadelphia, na kiongozi ni yule yule, Leopold Stokowski. Bila tarehe, mnunuzi aweza kupata ya kwanza akidhani ni ya pili. La tatu, kama anayo santuri nzito ya zamani, aitazame karibu na karatasi ya katikati, aone namba iliyotiwa katika santuri yenyewe. Namba ya orodha ya duka hubadilika kwa kila toleo, lakini namba hiyo huifuata sauti. La nne, apatapo nafasi, asikilize matoleo mawili moja baada ya jingine, na asione haya kuuliza.

Wazee walisema, "Asiyeuliza hanalo ajifunzalo." Yule msikilizaji wa mwaka 1981 alitumia masikio yake, kumbukumbu yake na barua moja, na kwa barua hiyo mwenye kazi akarudishiwa kazi yake.