Hema halina mlango wa kubisha hodi



Ndugu msomaji, familia za Nyakitonto, katika nyanda za juu za Kigoma upande wa Kasulu na Kibondo, hazihitaji kusimuliwa hali ya mtu asiye na makazi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Machafuko ya Burundi yalipozuka Aprili 2015, kambi hiyo ilifurika. Oktoba mwaka huo Nduta ikafunguliwa upya, na Januari 2016 ikafuata Mtendeli. Wengi waliofika walilazwa kwanza katika mabanda ya pamoja, familia kadhaa chini ya paa moja, kisha wakagawiwa mahema.

Je, aliyepoteza nyumba yake ajengewe nini? Wahandisi hujibu kwa vipimo. Mwongozo wa Sphere, unaofuatwa katika dharura duniani kote, unataka kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 za kuishi. Kipimo hicho kina faida, lakini hakitoshi. Katika Surat an-Nur, aya ya 27, tumeamrishwa tusiingie nyumba ya mwingine bila idhini na salamu. Na katika aya ya 58 hata watoto wa nyumbani wanatakiwa kuomba ruhusa nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, wakati wa kupumzika adhuhuri, na baada ya Isha. Sasa anayeishi nyuma ya pazia la turubai atabishiwa hodi wapi? Baba na mabinti zake waliobaleghe watalala vipi katika hema lisilo na chumba cha pili? Surat an-Nahl, aya ya 80, imezitaja nyumba kuwa mahali pa utulivu, na mahema ya ngozi imeyataja kwa wepesi wake siku ya safari na siku ya kutua. Hema ni la msafiri, na aliyekaa humo mwaka wa tatu ameshakwisha kutua.

Baadaye wakimbizi walifyatua tofali za udongo, wakazianika juani na kuinua kuta wenyewe, huku mashirika yakiwapa miti na vifaa vya kuezekea. Ukuta wa udongo huzuia baridi ya usiku wa nyanda za juu, hugawa vyumba, na hubeba mlango. Hata hivyo kazi hii ilikuwa na kasoro zake. Mashimo ya udongo yalituamisha maji na kuzaa mbu. Na ajuza, mjane mwenye mimba au mwenye ulemavu hawezi kukanyaga udongo. Bila wa kumsaidia, hubaki hemani wenzake wakihamia nyumbani. Kwa hiyo anayechora nyumba ya mtu kama huyu achore pia jirani wa kuisimamisha, choo kisicho mbali na mlango, na bomba lisilo ng'ambo ya kilima. Mara nyingi ramani husahau haya.

Kielelezo tunacho Madina. Kibla kilipogeuzwa kuelekea Al-Kaaba, mwaka wa pili wa Hijra, sehemu ya kaskazini ya Msikiti wa Mtume iliachwa na paa lake, wakalala hapo Muhajirina wasio na nyumba wala jamaa. Hao ndio Ahlu Suffa, na Abu Huraira (R.A.) alikuwa miongoni mwao. Hawakupewa paa tu. Walifundishwa, Maswahaba waliwachukua majumbani kula nao, na Ansari wakawatundikia mashada ya tende msikitini. Aliyeoa au kupata uwezo alihama, nafasi yake akaipata mwingine.

Wapo wanaohofu kwamba mgeni akijengewa ukuta hatarudi kwao. Hofu hii siidharau, kwani misitu na visima ni vya wenyeji. Lakini Mtabila, wilayani Kasulu, ilifungwa 2012, na Mtendeli 2021; kuta za udongo hazikuzuia lolote. Tofali mbichi likivuliwa paa hurudi kuwa udongo baada ya misimu michache ya mvua. Yanayobaki ni mashimo, na hayo yawekwe katika mpango tangu siku ya kwanza: nani atayafukia, kwa majembe ya nani, kabla ya mvua za Novemba.