Waliohama kwa Miguu: Utangulizi kwa Mtafuta Nasaba wa Mbulu

Vitabu vingi vya kufundisha utafutaji wa nasaba vimeandikwa Ulaya na Marekani, na karibu vyote humpeleka msomaji kwenye fomu za sensa na orodha za abiria wa meli. Mjukuu wa Mwitaliano aliyeshukia Ellis Island, New York, kati ya 1892 na 1954, hupata humo jina la babu yake, umri na mahali alikotoka. Marekani hufungulia umma fomu za sensa zikitimiza miaka 72; Uingereza husubiri miaka 100. Mtu wa Endagikot, huko Mbulu, akifuata ushauri huohuo atachoka bure. Babu yake alihama kweli, lakini hakukata tiketi. Aliswaga ng'ombe wake akavuka bonde, na hapakuwa na karani njiani wa kumwandika.

Koo nyingi za Wairaqw, watu wa Mbulu, hukitaja kitovu chao kuwa Irqwar Da'aw, ile nchi ya milima inayozunguka Kainam. Mwishoni mwa karne ya 19, sotoka ilipoteketeza ng'ombe wa Wamaasai na nguvu zao zikapungua, nafasi ilianza kufunguka. Katika miongo iliyofuata watu walisambaa: kaskazini hadi Mbulumbulu na Karatu, kusini hadi Dongobesh, kisha Haydom na Hanang. Ni uhamaji mkubwa, na wanaoukumbuka wako hai bado. Ndiyo maana nakukaribisha katika fani hii bila kusita, hata kama huna shahada ya historia.

Tuimalize sensa haraka. Tanganyika ilihesabu watu mwaka 1921, 1931, 1948 na 1957, na sensa ya kwanza baada ya uhuru ilifanyika 1967. Zilizochapishwa ni jumla tu. Majina ya waliohesabiwa hayamo. Hata hivyo, jedwali za makabila zina faida, kwa kuwa zinaonyesha Wairaqw walihesabiwa katika wilaya zipi. Zitumie kujua umma ulielekea wapi. Baada ya 1967 hata faida hiyo ikaisha, kwani kabila halikuulizwa tena.

Wanafunzi wangu huwa nawapa swali moja la kuanzia: nani alikuwa na haja ya jina la mtu huyu? Serikali iliyohesabu watu ilitaka idadi. Mtoza kodi, padri na hakimu ndio waliotaka jina.

Kodi tunaikuta tangu enzi ya Wajerumani, na Waingereza waliitungia sheria yao ya nyumba na kichwa mwaka 1922. Stakabadhi za kodi huenda bado ziko nyumbani kwenu, ndani ya sanduku la bibi, kwa sababu mtu asiyeweza kuonyesha yake alipata taabu. Zitafute humo kabla ya kupanda basi kwenda Kumbukumbu za Taifa, Dar es Salaam.

Hazina ninayoipenda kuliko zote ni kitabu cha ubatizo. Wamisionari Wakatoliki walikuwapo Mbulu tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na jimbo lilisimikwa 1953. Kila mstari hutaja mbatizwa, wazazi, msimamizi na tarehe. Utamu, hata hivyo, uko pambizoni. Tangu 1908 kanuni ya Kanisa inataka kwamba mtu akifunga ndoa katika parokia nyingine, paroko wa huko apeleke taarifa kwenye parokia ya ubatizo, nayo iandikwe kando ya jina lake. Aliyebatizwa Mbulu akaoa Karatu miaka 20 baadaye anaweza kukutwa hapo, parokia na tarehe. Mapadre hawakuwa makini sawasawa, nawe usishangae ukikuta Kilatini. Mwombe paroko kwa adabu, ukiwa na mwaka wa kukisia. Vitabu hivi ni vya Kanisa na havifunguliwi kwa kila mpita njia.

Sasa majina, ambayo huwapoteza hata wazoefu. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu mashuhuri kuhusu ardhi ya mila, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na Joseph Lohay, wakazi wa Mbulumbulu. Wawili hao ni baba na mwana. Mwana hakulichukua jina la Akonaay. Alichukua jina la kwanza la baba yake. Anayefuata "jina la ukoo" kwa mtindo wa Kizungu angempoteza baba katika kizazi kimoja tu. Kwa hiyo tafuta jozi, mtu na baba yake, kisha panda ngazi moja moja. Kumbuka pia kwamba karani asiyejua Kiiraqw aliandika alichosikia: Qwaray akawa Kwaray, Hhando akawa Hando.

Shauri hilo linatukumbusha pia majalada ya mahakama. Katika kesi ya shamba, shahidi huulizwa alifika lini, alitoka wapi, nani alimpa eneo na jirani yake ni nani. Sijaona hojaji ya mtafiti inayouliza vizuri zaidi. Kabla ya kwenda kuyaomba, angalia mipaka: mkoa wa Manyara ulizaliwa 2002, na Karatu, iliyokuwa sehemu ya Mbulu, leo iko Arusha.

Na meli? Zinamhusu aliye na askari katika ukoo. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, ikitoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani. Walikufa watu 1,297, wakiwamo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola inatunza majina ya waliokufa vitani, na rejista yake inasomeka bure kwenye intaneti. Wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 ni habari nyingine: wengi hawakuorodheshwa kwa majina, jambo ambalo Tume yenyewe ilikiri mwaka 2021. Kwa askari wa vita ya pili matumaini ni makubwa zaidi. Andika jina lake kwa q na kwa k, kwa hh na kwa h, jina la baba likitangulia kisha likifuata, na tafuta upya kila mara.