Ushauri Nasaha kwa Vijana Wanaohitimu Kidato cha Nne

Matokeo ya mtihani wa KCSE yatangazwapo, kila boma huwa na shauri lake. Mjomba husema udaktari, shangazi husema uanasheria, naye jirani hushikilia kwamba kijana asipoteze wakati, aingie jua kali. Mwenye matokeo hunyamaza. Aghalabu ana umri wa miaka kumi na saba au kumi na minane, na anatakiwa kuamua jambo ambalo hata watu wazima huliamua kwa tahadhari. Makala haya yanafafanua mambo ambayo mshauri, awe mzazi, mwalimu au mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha, hana budi kuyafahamu kabla ya kumwelekeza kijana huyo.

Jambo la kwanza ni alama. Nchini Kenya, anayetaka kusomea shahada huhitaji gredi ya wastani ya C+, stashahada C-, na astashahada D. Walio chini ya hapo hupokewa katika kozi za ufundi wa msingi. Hata hivyo, wastani pekee hautoshi. KUCCPS, asasi iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 ili kuwateua wanafunzi wa kujiunga na vyuo, hutazama pia masomo manne yanayohusiana na kozi iliyoombwa. Kila somo lina upeo wa alama 12, hivyo jumla haizidi 48. Ndiposa wanafunzi wawili wenye B ya wastani wanaweza kuomba kozi moja, mmoja akaipata na mwenziwe akaikosa.

Mfano ulio karibu na wasomaji wa jarida hili ni wa kijana anayekipenda Kiswahili na kutaka kukifundisha katika shule ya upili. Tume ya Huduma za Walimu (TSC) humtaka mwalimu wa ngazi hiyo mwenye shahada awe na C+ ya wastani na C+ katika kila mojawapo ya masomo mawili ya kufundishia. Aliyepata A katika Kiswahili na C katika Historia, kisha akayachukua masomo hayo mawili, amejitia kitanzi bila kujua. Hali kadhalika, aliyesomea shahada ya sanaa badala ya shahada ya elimu hulazimika kuongeza stashahada ya uzamili katika elimu ndipo asajiliwe. Akiyagundua haya katika mwaka wa nne, majuto huwa mjukuu. Lakini ikiwa azma yake ni tafsiri, ukalimani, uhariri au utangazaji, shahada hiyo ya sanaa huenda ndiyo inayomfaa.

Jambo la pili ni karo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1995, huwakopesha wanafunzi wa vyuo vikuu na wa vyuo vya kiufundi. Kijana aelezwe waziwazi kwamba mkopo hulipwa, tena kwa riba, na kwamba maombi yana muda wake maalumu.

Tatu, njia si moja. Kwa muda mrefu chuo cha kiufundi kimechukuliwa kuwa kimbilio la waliofeli, dhana ambayo imewanyima vijana wengi riziki. Mwenye astashahada ya uhandisi wa umeme anaweza kupanda hadi stashahada, kisha shahada. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya na kile cha Mombasa, vilivyopewa hati mwaka 2013, hutoa mafunzo katika ngazi hizo. La muhimu ni kuhakikisha kabla ya kulipa karo kwamba chuo kimeidhinishwa: vyuo vikuu na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE), na vyuo vya kiufundi na TVETA.

Nne, mshauri asikilize kabla ya kunena. Amwulize kijana: Ni kazi gani huifanya bila kusukumwa? Ni masomo yapi aliyafaulu bila mwalimu kumshurutisha? Ni nani hasa anayeitaka kozi hii, yeye au mzazi wake? Mzazi naye asipuuzwe, kwani ndiye mlipaji. Aitwe, aketishwe pamoja na mwanawe, na wote wawili waonyeshwe masharti ya kozi yalivyoandikwa.

Hatimaye, haja ya ushauri huu haingoji tena kidato cha nne. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, wakiwa wamekwisha kuchagua mmoja wa mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Uamuzi uliokuwa wa kijana wa miaka kumi na minane sasa unaanza kwa mtoto wa miaka kumi na mitano. Kwa hivyo, mwanachuo wa Kiswahili aendaye mazoezini, pamoja na vitabu vyake vya fasihi na sarufi, hana budi kubeba pia maarifa haya, kwani ataulizwa.