Kazi ya Sindano Isiishie Sandukuni: Namna ya Kuimaliza na Kuitumia Nguo Iliyotariziwa kwa Mshono wa Msalaba

Wako watu wengi, wake kwa waume, wajuao kutarizi kwa mshono wa msalaba, lakini ni wachache wajuao la kufanya siku ile uzi wa mwisho ukatwapo. Aghalabu kitambaa hukunjwa, hutiwa sandukuni, na baada ya miaka michache hutolewa kikiwa na madoa ya kahawia penye mikunjo, au kimetobolewa na wadudu. Kazi ya jioni sitini hupotea hivyo, wala hapana aliyeifaidi. Katika makala haya twapenda kueleza jinsi kazi hiyo iwezavyo kumalizwa vema, na njia mbalimbali za kuitumia, ili taabu ya mshonaji isiende bure.

Kwanza tuueleze mshono wenyewe kwa wasioujua. Mshono wa msalaba ni mishono miwili mifupi ikatanayo kama herufi X. Mshonaji hachori picha juu ya nguo, bali hufuata karatasi yenye miraba, na kwa kila mraba uliotiwa rangi hushona msalaba mmoja. Kwa sababu hiyo hutaka nguo ambayo nyuzi zake za mtande na za mshindio ni sawasawa, zipate kuhesabika. Iliyo mashuhuri ni ile iitwayo Aida, yenye vishimo vilivyopangwa kwa safu. Na ile itumiwayo zaidi ina miraba 14 katika inchi moja. Uzi wake wa pamba una nyuzi 6 nyembamba zilizolala pamoja, na fungu moja la kawaida huwa na urefu wa meta 8. Mshonaji huzitenga nyuzi hizo, akatumia 2 au 3 kwa mara moja.

Mtu atakaye kumaliza vizuri hana budi kufikiri mwisho kabla hajatia sindano. Tuseme picha yake ina misalaba 140 kwa upana na 70 kwa urefu. Akigawanya kwa 14, ataona ya kuwa picha itakuwa inchi 10 kwa 5. Lakini asikate kitambaa cha inchi 10 kwa 5, maana hatapata mahali pa kupinda pindo wala pa kushikiza. Na aongeze inchi 3 kila upande, yaani akate inchi 16 kwa 11. Kisha ashone kingo zote kwa mshono wa kuzungusha, nyuzi zisichomoke wakati wa kazi.

Kazi ikiisha, ifuliwe, hata kama yaonekana safi, kwa kuwa mafuta ya mikono hayaonekani leo, bali huwa rangi ya kahawia baadaye. Tumia maji baridi na sabuni isiyo kali, wala usisugue. Hapa ndipo wengi huharibu kazi yao, kwa sababu uzi mwekundu na uzi mweusi huweza kuchuja. Ukiona maji yamegeuka rangi, usitishike, wala usiianike nguo. Endelea kuisuuza katika maji baridi mapya, mara nyingi iwezekanavyo, hata maji yawe meupe kabisa. Rangi iliyochuja huweza kuondoka maadamu nguo ni mbichi; ikikauka au ikipigwa pasi, huganda. Tena usiikamue kwa kuisokota. Ilaze juu ya taulo, izungushe pamoja nayo, uibonyeze.

Kupiga pasi nako kuna adabu yake. Tandika taulo nene, uilaze nguo kifudifudi, picha ikitazama chini, ndipo uipige pasi kwa upande wa nyuma. Hivyo misalaba huzama katika taulo, wala haibonyei. Nayo ikigeuzwa huonekana imeinuka vizuri.

Basi tuje kwenye matumizi. Yaliyozoeleka sana ni vitambaa vya viti na vya meza, nayo ni mema, lakini yako mengine mengi.

La kwanza ni foronya ya mto wa kiti. Picha huwa upande wa mbele; kwa nyuma hukatwa vipande viwili vya nguo ya kawaida ambavyo hupandana katikati kwa inchi 4 hivi, na mto huingizwa hapo pasipo kifungo. Yafaa kutia bitana nyuma ya picha, ili ncha za nyuzi zisikwaruzwe na mto.

La pili ni kifuniko cha gudulia la maziwa au la maji. Kata kitambaa cha mviringo, tarizi ua dogo katikati, pinda ukingo, kisha shonea shanga kuuzunguka. Uzito wa shanga hukizuia kitambaa kisipeperuke, na nzi hawapati njia.

La tatu ni alama ya kitabu. Kipande cha inchi 2 kwa 7 chatosha. Shona mstari mmoja imara karibu na kila ncha, kisha uchomoe nyuzi za mshindio kutoka ukingoni hata kuufikia mstari huo. Zilizobaki zitakuwa matamvua. Kwa nyuma shonea kitambaa chepesi kuficha mafundo.

La nne ni kifuko cha karafuu. Vipande viwili vidogo hushonwa pamoja, karafuu kavu hutiwa ndani, na kifuko huwekwa kati ya nguo sandukuni zipate kunukia. Kifuko hicho hicho kikijazwa pumba kavu zilizoshindiliwa huwa kito cha kuchomekea sindano.

La tano ni mfarishi. Mtu mwenye picha ndogo ndogo nyingi zisizolingana na azizungushie kila moja vipande vya nguo ya rangi moja mpaka zote ziwe na ukubwa mmoja, kisha aziunge. Kwa njia hiyo hata kazi zilizoachwa nusu hupata faida. Ikiwa picha kubwa imekushinda, itazame vema: pengine ndege mmoja au ua moja limekamilika. Likate, ukiacha nafasi ya pindo, na ulifanye mfuko wa mkoba au wa aproni.

La sita ni kutarizi juu ya nguo isiyohesabika nyuzi, kama shati au shuka. Hapo hutumika nguo ya nyuzi zilizoachana, iliyotiwa wanga, ambayo hushikizwa juu ya shati kwa muda. Mshonaji huhesabu nyuzi za hiyo ya juu, na sindano hupita katika zote mbili. Akiisha, huilowesha kwa maji ili wanga ulainike, ndipo huchomoa nyuzi zake moja moja kwa kibano. Picha hubaki juu ya shati peke yake.

Mataifa mengine yana mafundisho kwetu katika jambo hili. Wapalestina huiita kazi hii tatrizi, neno lenye shina moja na neno letu kutarizi, kwani sisi tulilipata katika Kiarabu. Wanawake wao hutarizi kipande cha kifuani mbali na kanzu, kisha hukishonea juu yake. Na kanzu ikichakaa, kipande kile hufumuliwa kikatiwa katika kanzu mpya. Zamani nakshi za kanzu ziliweza kumtambulisha mwanamke atoka kijiji gani. Mwaka 2021 UNESCO iliiandika sanaa yao hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu wote. Nao watu wa Ukraine hutarizi ncha mbili za taulo refu liitwalo rushnyk. Wageni hukaribishwa kwa mkate na chumvi vilivyowekwa juu yake, na bwana na bibi arusi husimama juu ya taulo la namna hiyo wakioana. Tazama, kwa watu hawa kazi ya sindano haikufanywa iwe pambo tu, bali ina kazi yake iliyowekwa.

Tena kitambaa chaweza kuwa daftari la jamaa. Katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, kimo kitambaa kilichotariziwa kwa mishono ya namna nyingi na Jane Bostocke mwaka 1598. Juu yake mna jina lake, na habari ya kuzaliwa kwa Alice Lee mwaka 1596. Miaka zaidi ya 400 imepita, nasi twajua siku ya kuzaliwa kwake kwa sababu ya uzi na sindano. Nyumba ngapi kwetu hazijui siku aliyozaliwa bibi au babu? Basi na tutarizi majina ya watoto na tarehe zao; na katika kila kazi mshonaji atie pembeni jina lake na mwaka.

Kazi ya namna hii hupendeza kutundikwa ukutani. Ivutwe juu ya ubao mwembamba au karatasi ngumu, na kingo zake zifungwe kwa nyuma kwa uzi wenye nguvu, uendao huku na huku kama kamba za kiatu, ukianza katikati kuelekea pembeni. Usitumie gundi, maana huipaka nguo rangi baadaye. Kioo kisiguse uzi, kwa sababu unyevu hukaa kati yao na kuleta koga. Tena usiitundike mahali lipigapo jua, kwani jua hufifisha rangi zote.

Na ile ambayo bado haijapata kazi isikunjwe. Izungushe juu ya gombo la karatasi safi, picha ikiwa nje, uifunike kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa. Usiitie katika mfuko wa plastiki, kwa kuwa unyevu hauna pa kutokea. Kila baada ya miezi michache itoe, uipunge upepo kivulini, uikague kama ina wadudu.

Wahenga walisema, mwanzo kokochi, mwisho nazi. Lakini nazi iliyoachwa darini mpaka ikaoza haimfai mwenye mnazi. Kwa hiyo, msomaji, ukiwa nayo nyumbani kazi ya sindano iliyolala, ya kwako au ya mama yako, ifungue leo, uifue kwa uangalifu, na uichagulie kazi moja katika hizi tulizozitaja.